Injini Iliyolala: Nachingwea, Ruangwa na Mashine Zilizofufuliwa

Kiswahili hakikuisubiri kamusi ili kuipa pikipiki jina. Sikio lilitangulia. Watu waliusikia mlio kabla ya kukijua chombo, na mlio wenyewe ukawa jina: wengine wakasema pikipiki, wengine wakasema tukutuku. Ni majina yasiyotaja gurudumu, wala chuma, wala kiti. Yanataja sauti peke yake. Kwa mantiki hiyo, pikipiki iliyonyamaza imepungukiwa na kitu zaidi ya mwendo. Imepungukiwa na jina lake.

Ndiyo maana siku ya kuwashwa kwa mara ya kwanza pikipiki kuukuu iliyokaa bandani miaka na miaka huwa si siku ya fundi pekee. Watoto hukaribia, wazee husogeza viti, na mpita njia husimama kana kwamba ameitwa. Kila mmoja anangoja kusikia jina likitamkwa. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, huko ndani ya mkoa wa Lindi, kungoja huku kuna historia ndefu. Hapana pembe nyingi za Tanzania ambako injini zilikuja kwa ahadi kubwa kiasi hicho, zikanyamaza upesi kiasi hicho, na kuwaachia watu kazi ya kubeba kilichobaki.

Historia hiyo yaweza kuanzia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts liliposhuka kutoka kaskazini kuwafukuza Wajerumani, lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Kwenye ramani, kasi ya vyombo hivyo ilionekana kuwa jibu la masafa ya nchi. Kisha zikaja mvua. Njia zikageuka tope, mbung'o wakawaua farasi na ng'ombe wa mizigo, na magari yakakwama. Vita vilipofika kusini, kwenye mapigano ya Mahiwa ya tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, karibu na Nyangao kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, tegemeo la majeshi yote mawili lilikuwa bega la mpagazi. Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia upande wa Wareno, akiiacha nyuma yake nchi iliyokwisha kunyang'anywa chakula na vijana. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, aghalabu kwa maradhi na njaa, huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni mabaki ya jina la kikosi chao.

Hapo ndipo kusini ilipopata somo lake la kwanza juu ya mashine, nalo ni hili: injini ikizimika, mzigo haupotei. Hurudi begani mwa mtu.

Somo la pili lilikuja miaka thelathini baadaye, nalo lilivaa nguo ya neema. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa Kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki; ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukaja kukagua ardhi, na mwanzoni mwa 1947 serikali ya London, kwa msukumo wa Waziri wa Chakula John Strachey, ikaukubali mpango huo. Hesabu zilikuwa za kutisha: ekari zipatazo 3,250,000, muda wa miaka sita, na gharama ya pauni milioni 25 hivi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilipangiwa Jimbo la Kusini, na kitovu chake kikawa Nachingwea, katika misitu ya miombo ya nchi ya Wamwera. Ruangwa, ambayo wakati huo haikuwa wilaya ya peke yake, ilikuwa jirani wa karibu wa ndoto hiyo.

Lakini kusini hakukuwa na reli wala bandari ya maji marefu. Kazi ikaanzia Kongwa, katikati ya nchi, ambako reli ilikuwa karibu. Nachingwea ikaambiwa ingoje. Na huko Kongwa ndiko lilikozuka jambo ambalo kila aliyepata kufufua mashine kuukuu angelitambua mara moja.

Viwanda vya dunia vilikuwa havijarudi kwenye kazi za amani, na matrekta mapya hayakupatikana. Wakubwa wa mradi wakaenda kununua mabaki ya vita. Wakanunua mitambo iliyotumiwa na jeshi la Marekani, mingine ikiwa imerundikwa huko Ufilipino, imekwisha kulowa mvua na kupigwa jua. Kiwanda cha Vickers cha Uingereza kikachukua vifaru aina ya Sherman, kikavivua mizinga na deraya, kikavigeuza matrekta na kuyapa jina la Shervick. Wenye mahubiri wakafurahi: silaha zimegeuzwa majembe. Wenye spana mikononi hawakufurahi sana. Mashine iliyoundwa kwa safari za vita haikuundwa kung'oa visiki mwezi baada ya mwezi. Aina zilikuwa nyingi, vipuri vichache, na madereva wengi ndio kwanza walikuwa wanafundishwa. Kabla mwaka 1947 haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ya Kongwa ilikuwa imelala karakana. Mwaka huo wa kwanza ulikusudiwa kuzaa ekari 150,000 za karanga. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Si kwamba mashine zile hazikuwaka. Ziliwaka, na huenda siku ya kwanza zilishangiliwa. Kosa lilikuwa la kudhani kwamba kuwaka ndiyo kupona. Mashine kuukuu ikinguruma mara moja, inakuwa imejibu swali moja tu: kwamba haijafa. Maswali mengine yote, ya joto, ya mafuta, ya ringi zilizolika, ya bolti iliyochoka, bado yanangoja, na hayajibiwi na mtu mwenye haraka.

Nachingwea ilipata zamu yake. Mwaka 1949 reli iliyoanzia Mkwaya, kwenye hori lililo karibu na Lindi, ilifika huko, nao mji ukachipuka msituni: nyumba, karakana, uwanja wa ndege, mashamba yaliyopewa nambari badala ya majina. Lakini jua lilikuwa limekwisha kupinda. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mpango mkubwa, na hasara ya pauni milioni 36 hivi ikafutwa vitabuni. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zenyewe zimekwisha kuwa hadithi. Reli nayo iliunganishwa na Mtwara, ikasogezwa hadi Masasi, ikakosa mizigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na mataruma yake kung'olewa. Ni nadra nchi kung'oa reli yake. Kusini iliona hilo, na kwa mara nyingine ikajua mzigo unakwenda wapi.

Waandishi wameuandika sana mradi huu. Alan Wood, aliyekuwa ofisa wa habari wa shirika lililouendesha, alitoa kitabu chake tangu mwaka 1950, na baada yake wamekuja wengi. Kurasa zao zimejaa mawaziri, majenerali na mahesabu. Jambo moja limepita pembeni. Mradi huo, pamoja na ubaya wake, ulikusanya Waafrika wengi kuzunguka injini kwa pamoja, wakiwamo watu ambao baba zao walikuwa wapagazi wa 1917. Walikuja kuwa madereva, wasaidizi wa mafundi, wapaka grisi, walinzi wa maghala ya vipuri. Mradi ulipoondoka ulichukua vitabu vyake vya hesabu. Haukuweza kuchukua kilichokwisha kuingia katika vidole vya watu. Ujuzi wa kusikiliza injini, wa kutambua kwa harufu kwamba petroli imezidi, wa kuchonga kipande kisichouzwa tena popote, haukung'olewa pamoja na reli. Majina ya waliokuwa nao ndiyo ambayo ni shida kuyakuta katika vitabu hivyo.

Ardhi nayo haikubaki tupu. Shamba nambari 17, ambalo hata leo huitwa Farm 17, lilikuja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO katika miaka ya 1960. Hapo Samora Machel na wenzake waliwaandaa wapiganaji wa ukombozi wa Msumbiji, hadi uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975. Mahali palipokusudiwa kuilisha meza ya mtawala pakasaidia kumng'oa mtawala mwingine. Historia huwa na desturi ya kuutumia mtambo kwa kazi asiyoikusudia mwenye kuuleta.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya barabara. Masika yalipokatiza njia, kusini ilikuwa kama kisiwa, na watu wa visiwani wanajua vyema maana ya kungoja chombo. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na hapo ndipo kivuko kilipopumzika. Ruangwa nayo ilikuwa imekwisha kutengwa na Nachingwea na kuwa wilaya kamili katika miaka ya 1990. Lakini barabara kuu haifiki mlangoni mwa kila mtu. Kutoka shamba la mikorosho hadi ghala, kutoka kijiji hadi zahanati, ilibaki njia nyembamba ya mchanga na ya udongo mwekundu, na juu ya njia hiyo baiskeli na pikipiki zilitawala. Tangu miaka ya 2000 pikipiki nyepesi za China na India zimeenea, na bodaboda hubeba gunia la ufuta, mama mjamzito, jeneza, na maharusi. Zile kuukuu zikasukumwa bandani, zikawa viota vya kuku.

Kuifufua mojawapo ni kazi ya kurudi nyuma hatua kwa hatua. Chukua mfano wa BSA aina ya M20, iliyotengenezwa Birmingham kwa ajili ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili kwa idadi ya zaidi ya 120,000, na ambayo baada ya vita ilitawanyika duniani. Ina pistoni moja, haina umeme wa betri katika kuwaka kwake. Cheche yake inatoka kwenye magneto. Pistoni ikiwa imeganda, fundi humimina dizeli au mafuta ya taa ndani ya silinda na kuiacha siku kadhaa. Anayeigonga kwa nyundo siku ya kwanza huvunja asichoweza kununua. Tangi lenye kutu hutiwa kokoto na kutikiswa mpaka maji yatoke safi. Kabureta hufunguliwa, na vijitundu vyake, vyembamba kama tundu la sindano, huzibuliwa kimoja kimoja. Plagi hutolewa, huegemezwa kwenye chuma cha injini, na kiki hupigwa taratibu kivulini ili cheche ionekane. Cheche ya manjano iliyonyong'onyea ni habari mbaya; ya samawati yenye kulia ni bishara njema.

Kisha inafika saa yenyewe. Petroli hufunguliwa, na kabureta hubonyezwa mpaka tone lichuruzike. Wenzo wa kuchelewesha cheche hurudishwa nyuma, kwa sababu cheche ikiwahi, kiki hurudi kwa nguvu na kuuvunja mguu. Wenzo wa vali huvutwa, pistoni hupandishwa hadi juu kabisa na kupitishwa kidogo tu. Hapo fundi huvuta pumzi, na uzito wa mwili mzima hushuka juu ya kiki. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya tatu, chafya moja na moshi. Watoto hucheka. Mara ya saba au ya kumi, ile mafuta iliyokuwa imelala silindani inaungua, moshi mweupe unajaa ua, na ndani ya moshi huo jina linatamkwa: piki, piki, piki.

Wakati wote wanaposhangilia, fundi hashangilii. Anafungua kifuniko cha tangi la oili na kuchungulia ndani. Katika injini za namna hii oili hutoka tangini, huzunguka mashineni, kisha hutakiwa kurudi. Isiporudi, injini hiyo inayonguruma kwa furaha itajiua baada ya dakika chache. Kwa hiyo anatazama, na wengine wakidhani amepungukiwa na furaha, yeye anangoja kijito chembamba cheusi kitokeze kwenye kijibomba. Kikitokeza, ndipo anapofuta mikono.

Katika kitendo hicho kidogo mna kitu kilichokosekana mwaka 1947. Wakubwa wa karanga waliusikia mngurumo wakaridhika. Hawakuchungulia kama kilichotoka kinarudi: kama ardhi inarudisha mbegu, kama jasho linarudi kwa mwenye jasho. Fundi wa kijijini, ambaye hakuna kitabu kilichomtaja, huchungulia.

Leo mabaki mengi ya enzi zile yamekwisha kwenda kwa mizani ya wauza chuma chakavu, kilo kwa kilo. Kila pikipiki inayookolewa bandani na kupewa tena sauti inazuia kilo chache zisiyeyushwe, na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba haiwezi kuwashwa pasipo mzee mmoja kuitwa aje aoneshe wenzo upi unarudishwa nyuma na upi unavutwa. Siku wazee hao watakapokwisha, mashine zitabaki, vipuri pengine vitabaki, na hapatakuwa na mtu wa kukumbusha kwamba baada ya kelele lazima mtu ainame atazame kama oili inarudi.