Mto Rubicon

Katika pwani ya mashariki ya Italia, kaskazini ya mji wa Rimini, uko mto mdogo uitwao Rubicon. Chanzo chake ki katika milima ya Apennines, nao huishia katika Bahari ya Adriatiki. Maji yake si mengi, wala hayawezi kulizuia jeshi. Lakini zamani za Warumi mto huo ulikuwa mpaka mkubwa: kusini yake Italia yenyewe, kaskazini yake jimbo la Galia. Jemadari aliyetoka jimboni alikatazwa kuuvuka pamoja na askari wake, ili upanga usiitawale Jamhuri.

Mwezi wa Januari, mwaka 49 kabla ya Kristo, Julius Caesar alifika ukingoni. Seneti, yaani baraza kuu la Roma, lilikuwa limemwamuru aliache jeshi lake. Akitii, adui zake watamshtaki. Akivuka, atakuwa mwasi. Akavuka. Maji yakimwagika hayazoleki: vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, Caesar akashinda, akatawala peke yake, hata alipouawa mwaka 44. Jamhuri haikupona tena.

Karne zikapita, hata watu wakabishana ni mto upi hasa uliovukwa. Mwaka 1933 serikali ya Italia iliamua kwamba ni ule ulioitwa Fiumicino, ukarudishiwa jina la kale.

Basi, mpaka ule haukulindwa na maji, bali na utii wa watu kwa sheria. Utii ulipokwisha, kijito kikabaki kijito tu.