Bukavu na Amana ya Mpangaji wa Mji

Mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, uliosimama juu ya rasi zilizoingia katika ziwa Kivu, karibu na pale mto Ruzizi unapotoka kwenda Tanganyika, ulianza kama kituo cha askari mwaka 1901, na tangu 1927 hata 1954 uliitwa Costermansville kwa jina la mtawala wa Kibelgiji. Wazungu waliouchora hawakukosa elimu, wala hatuna sababu ya kuwanyima sifa hiyo: barabara za Ibanda, mtaa wao, zilifuata umbo la ardhi, na majumba yakaelekezwa ziwani. Walichokosa ni insafu, kwani Waafrika, ambao kwa jasho lao mji ulijengwa, walitengewa Kadutu, huko mlimani. Na ilipoundwa mwaka 1952 idara ya Kibelgiji ya kuwajengea Waafrika nyumba mijini, ikajengwa Bagira, iliyopangika vizuri, lakini mpaka wa rangi ukabaki pale pale.

Katika Kadutu hiyo ndimo ilimo Funu, bonde la mporomoko mkubwa wa kale ambao haujatulia hata leo, ambapo kuta hupasuka na milango hugoma kufungika kwa sababu ardhi yenyewe inatembea. Wataalamu waliolinganisha picha za zamani zilizopigwa kutoka angani na vipimo vya satelaiti, wakachapisha matokeo yao mwaka 2022, walidhihirisha kwamba mji nao umeongeza mwendo wa mporomoko huo, kwa kuwa mapaa, njia na mabomba yamebadili mapito ya maji ardhini. Hivyo madhara hayo hatuwezi kuyaita kudura peke yake. Sehemu yake ni kazi ya mikono ya binadamu, na penye mkono wa binadamu pana dhima.

Amri ya upangaji miji ya tarehe 20 Juni 1957 iliendelea kuwa msingi wa kazi hiyo miaka mingi baada ya uhuru, na sheria ya ardhi ya 1973 ikatamka kwamba ardhi yote ni mali ya Dola. Mamlaka, basi, hayakupungua. Lakini vita vilipowafukuza watu vijijini, hasa tangu 1996, wakaja mjini kutafuta amani, viwanja viligawanywa hata kwenye miteremko isiyostahili nyumba, na aghalabu mnunuzi alikuwa na karatasi yenye muhuri mkononi, akaamini, kama raia yeyote angeamini, kwamba aliyeutia muhuri huo ameitazama ardhi. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililoua watu Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, lilitosha kuwa onyo.

Naona mimi kwamba mpangaji anayeidhinisha kiwanja katika ardhi ya namna hiyo, hali anaijua, amekhini amana, hata kama hakupokea rushwa wala hakuna hakimu atakayemwita. Maana maskini hana chombo cha kuupima mlima, naye anategemea ukweli wa yule aliyesomeshwa kuupima. Wenye kazi hii Bukavu nawaomba jambo moja lisilohitaji fedha nyingi: ramani ya maporomoko ibandikwe katika ofisi ya kila kartiye, imeandikwa kwa Kiswahili, mnunuzi aione kabla hajatoa fedha yake.