Peasi la Mchunga Mbuzi

Leo nitasimulia habari za tunda dogo ambalo sifa yake haikutoka kwa mfalme wala kwa mtaalamu. Jina lake ni Stuttgarter Geißhirtle, maana yake kichungaji cha mbuzi cha Stuttgart, nalo ni namna moja ya peasi.

Stuttgart ni mji wa kusini ya Ujerumani. Mapokeo ya huko yasema kwamba yapata mwaka 1750 mchunga mbuzi mmoja aliuona mti huu karibu na mji. Tunda lake ni la kijani, upande wa jua huwa na wekundu. Lina maji mengi, na utamu wake una harufu kidogo kama ya mdalasini.

Basi, mti mmoja ulieneaje? Si kwa mbegu. Ua la peasi hupata unga wa ua la namna nyingine, ulioletwa na nyuki, hata mche wa mbegu haufanani na mama yake; pengine tunda lake huwa gumu na kali. Njia ni kubebesha, yaani kukata kijiti cha mti mwema, kukiingiza katika shina la mti mwingine na kukifunga imara mpaka vishikane. Kwa hiyo kila Geißhirtle iliyoliwa tangu siku zile imetoka katika mwili wa mti ule mmoja.

Kasoro yake ni moja. Huiva mwezi wa Agosti, na likiisha kuiva halikai ila siku chache. Wenyeji hulila upesi, au hulipika na sukari na kulitia katika chupa. Bali mchuuzi wa mbali halitaki. Tena mwaka 1957 serikali ya jimbo lile ilifanya mpango wa kuendeleza mashamba ya miti mifupi, ikawalipa wakulima wakate miti mirefu ya zamani. Maelfu kwa maelfu ilianguka.

Geißhirtle haikupotea, kwa kuwa wako waliokata vijiti kabla ya shoka kufika. Hata leo miche yake yauzwa. Lakini mfahamu jambo hili: mti huu hauwezi kujirithi wenyewe. Umepita mkono kwa mkono zaidi ya miaka 250, na kizazi kimoja tu kikisahau, hapana mchungaji atakayeuokota tena.