Saraundi 7.1 kwa bei chee: masikio yako yanapigwa kamba?

Leo tuongelee zile hedifoni za bei chee zenye taa za rangi rangi, boksi limeandikwa 7.1 kubwaaa kama namba ya jezi. Nyingi ukizifungua unakuta spika mbili tu, moja kila sikio. Sasa hizo sita nyingine ziko wapi? Tumepigwa? Jibu lake lina historia ndefu, twende nayo taratibu.

Mwaka 1881, Paris. Kwenye maonyesho ya umeme, mhandisi Clément Ader alivuta waya za simu kutoka jukwaa la Opera mpaka ukumbi wa maonyesho. Watu wakawekewa visikilizi viwili, kimoja kila sikio, kila kimoja na maikrofoni yake kule jukwaani. Wakabaki midomo wazi: muimbaji akihama upande, sauti nayo inahama. Spika mbili tu!

Siri iko kichwani mwako. Sauti ikitokea kulia, inafika sikio la kulia kwanza. La kushoto inachelewa kidogo sana, haifiki hata elfu moja ya sekunde, tena inafika imepungua nguvu maana kichwa kimeikinga. Ubongo unapiga hesabu fasta na kukwambia "kulia!" Kasheshe ni mbele na nyuma, kwa sababu huko sauti inafika masikio yote kwa wakati mmoja. Hapo inayokuokoa ni ile mikunjo ya sikio la nje, inayobadilisha sauti kutegemea inakotokea. Na mikunjo yako siyo ya mshkaji wako.

Mwaka 1931 kijana wa Uingereza, Alan Blumlein, miaka 28 tu, aliomba hataza ya sauti ya stereo akiwa EMI. Mwaka 1958 Mmarekani John Koss akaleta hedifoni za stereo kwa wapenda muziki. Lakini bado ilikuwa kulia na kushoto.

Umbea wenyewe unaanza miaka ya 90. Kampuni ya Aureal ilileta A3D, kadi za sauti zilizopiga hesabu za kichwa na masikio ili adui wa kwenye gemu asikike hata akiwa mgongoni. Half-Life ya 1998 iliitumia. Mwaka huohuo Creative, mkubwa wa kadi za sauti, akaishtaki kwa madai ya hataza. Aureal ikashinda kesi 1999, lakini mfuko ulishatoboka, na mwaka 2000 ikafilisika. Unajua nani alinunua mali zake? Creative mwenyewe. Ushindi gani huo jamani!

Leo hesabu hizo hazihitaji kadi maalumu. Tangu 2017 Windows 10 ina Windows Sonic, bure kabisa. PS5 ya 2020 inafanya yenyewe hata kwa hedifoni za kawaida. Kwa hiyo spika mbili siyo utapeli. Saraundi inatengenezwa na programu, siyo na plastiki. Utapeli ni kukuongezea bei kwa maandishi tu. Kama hedifoni ina ile pini ya kawaida na haina programu yoyote, hiyo 7.1 ni pambo la boksi. Pini inabeba kulia na kushoto, basi.

Kabla hujaongeza hela, jaribu hivi. Ingia mechi na mshkaji, funga macho, yeye azunguke akitembea. Nyoosha kidole unakosikia hatua zake. Zima saraundi, rudia. Usiwashe ya gemu na ya Windows kwa pamoja, sauti inavurugika, inakuwa kama inatoka ndani ya ndoo. Ikiwa hakuna tofauti, masikio yako hayana kasoro. Ni kwamba hesabu zile zilipimwa kwenye masikio ya mtu mwingine. Hapo hela yako weka kwenye maiki nzuri na sponji isiyochoma masikio baada ya saa mbili.

Vipi wewe, adui wa nyuma unamsikia nyuma kweli, au unashtukia tu umeshakufa? Tiririka hapo chini.