Fidia ya Walionusurika: Hoja ya Kuanzia kwenye Tukio, si kwenye Jeraha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza fidia wanayostahili abiria walionusurika baada ya ndege kutua kwa dharura. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotawala sehemu kubwa ya safari za anga za kimataifa, umeifunga fidia kwenye kifo na jeraha la mwili, na hivyo kuwaacha mikono mitupu watu ambao dhara lao kubwa liko akilini. Kwa kupitia hukumu za Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya, pamoja na malipo ambayo mashirika ya ndege yametoa kwa hiari, makala yanadai kwamba fidia ya haki ianzie kwenye tukio lenyewe: kila aliyekuwamo alipwe kiasi sawa na mapema, kisha maradhi ya akili yaliyothibitishwa na daktari yapewe uzito uleule wa mfupa uliovunjika.

1. Utangulizi

Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Airlines aina ya Lockheed L-1011 iliruka kutoka Miami kwenda Nassau, visiwani Bahama. Mafundi walioihudumia kabla ya safari hawakuweka vipete vya mpira vinavyozuia mafuta ya injini yasivuje. Injini ya katikati ilipoanza kupoteza mafuta, marubani waliizima na kugeuza kurudi Miami. Njiani, injini mbili zilizosalia nazo zikazimika, moja baada ya nyingine. Ndege ikawa inashuka juu ya Atlantiki bila injini hata moja, na abiria wakatangaziwa kwamba itatua baharini. Marubani walifanikiwa kuiwasha tena ile injini ya katikati, wakatua Miami salama. Hakuna aliyekufa wala aliyevunjika mfupa.

Baadhi ya abiria walifungua madai kwa ajili ya mateso ya akili. Shauri la Eastern Airlines dhidi ya Floyd lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1991 majaji wote walikubaliana kwamba Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 hautoi fidia kwa dhara la akili lisiloambatana na kifo, jeraha au madhara mengine ya mwili. Kwa sheria hiyo, mtu aliyeambiwa ajiandae kuanguka baharini, akakaa dakika kadhaa akingoja kufa, hakuwa amepoteza chochote kinachoweza kudaiwa.

Ninapinga msimamo huo. Kutua kwa dharura huwanyang'anya abiria kitu halisi hata pale kunapofanikiwa, na sheria inayosubiri damu ndipo ihesabu hasara imechagua kipimo kisichofaa kwa tukio la namna hii.

2. Mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa

Mkataba wa Montreal ulianza kutumika Novemba 2003 na kuchukua nafasi ya ule wa Warsaw kwa nchi zilizouridhia, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kwa majeruhi, Mkataba huu ni hatua kubwa mbele. Abiria aliyeumia katika ajali ya ndege halazimiki kuthibitisha uzembe wa shirika. Hadi kufikia kiwango fulani, shirika linawajibika hata kama halina kosa. Kiwango hicho hupimwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kilianzia SDR 100,000 na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kimefika SDR 151,880, yaani karibu dola 200,000 za Marekani. Juu ya hapo, shirika linaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba halikuzembea.

Lakini Ibara ya 17 inataja kifo na jeraha la mwili tu. Wazo la kuongeza dhara la akili lilijadiliwa wakati wa kuuandaa Mkataba, likaachwa. Ibara ya 29 nayo inazuia madai ya fidia nje ya masharti ya Mkataba. Mwaka 1999, katika shauri la El Al dhidi ya Tseng lililoamuliwa chini ya mfumo wa Warsaw, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia kwamba abiria asiyepata haki ndani ya mkataba hawezi kukimbilia sheria za kawaida za nchi ili aipate huko. Kwa hiyo abiria mwenye dhara la akili pekee anakutana na mlango uliofungwa, na kila mlango mwingine pia umekomewa. Isitoshe, Ibara ya 35 inampa miaka 2 tu ya kufungua shauri, ilhali maradhi ya akili mara nyingi hujitokeza polepole na huchelewa kutambuliwa.

3. Mwili na akili mbele ya mahakama

Ugumu wa kuutenga mwili na akili ulidhihirika katika shauri la King dhidi ya Bristow Helicopters, lililoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 2002. Desemba 1993, katika hali mbaya ya hewa, helikopta iliruka kutoka jukwaa la mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini. Injini zake zikazimika, ikarudi chini na kutua kwenye jukwaa hilohilo. Abiria mmoja alipata maradhi ya kiwewe, na baadaye vidonda vya tumbo vilivyotokana na msongo huo. Malodi waliamua kwamba vidonda vya tumbo vinaweza kufidiwa kwa kuwa ni jeraha la mwili, ila kiwewe chenyewe hakifidiwi.

Hebu tuyatazame matokeo ya hukumu hiyo. Mtu mmoja, tukio moja, na mlolongo mmoja wa sababu: hofu ilizaa kiwewe, kiwewe kikazaa kidonda. Sheria inalipa tawi na kulikana shina. Anayeugua tumbo ana haki. Anayeshindwa kulala, anayetetemeka akisikia muungurumo wa injini, au aliyeacha kazi kwa kuwa inamlazimu kusafiri, hana. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walijua kwamba dhara linabaki ndani ya mtu baada ya alama ya jino kupona, na tiba ya akili ya leo inawaunga mkono kwa vipimo na uchunguzi ambao waandishi wa Mkataba wa mwaka 1929 hawakuwa nao.

Ulaya imeanza kusogea. Tarehe 1 Machi 2019 ndege ya Laudamotion iliyokuwa ikiondoka London Stansted kwenda Vienna ililipuka injini ya kushoto wakati wa kuruka. Abiria waliondolewa kwa dharura. Mmoja wao alitokea mlango wa dharura wa upande wa kulia, akarushwa mita kadhaa na upepo wa injini ya upande huo iliyokuwa bado haijazimwa. Baadaye aligundulika kuwa na maradhi ya kiwewe. Tarehe 20 Oktoba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba dhara la akili litahesabiwa kuwa jeraha la mwili chini ya Ibara ya 17, hata kama halihusiani na jeraha jingine, mradi mdai athibitishe kwa ripoti ya kitabibu kwamba limeathiri afya yake kwa ukali kiasi kwamba haliwezi kutulia bila matibabu.

Hukumu hii ina fadhila mbili. Inaliheshimu neno la Mkataba bila kumgawa binadamu vipande, na inaweka kizingiti kinachochuja madai ya hofu ya kupita. Mahakama za Dar es Salaam na Nairobi hazifungwi nayo, lakini hakuna kinachozizuia kuifuata.

4. Mashirika yenyewe yanakiri

Mashirika ya ndege husema kwamba haiwezekani kulipia tukio lisilo na majeraha. Matendo yao yanaonyesha vingine. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya US Airways iliyogongwa na mabata bukini ilitua juu ya Mto Hudson, New York, na watu wote 155 wakaokoka. Shirika lilimrudishia kila abiria nauli na kumpa dola 5,000 kwa ajili ya mizigo iliyobaki ndani ya ndege. Baadaye abiria waliahidiwa dola 10,000 kwa sharti la kutoshtaki. Januari 2024, kipande cha ubavu wa ndege ya Alaska Airlines kilipochomoka angani, shirika lilirudisha nauli na kutoa dola 1,500 kwa kila mtu. Mwezi Mei mwaka huohuo, baada ya msukosuko mkali wa hewa ulioifanya ndege ya Singapore Airlines itue Bangkok kwa dharura, abiria mmoja akiwa amefariki, shirika liliwaahidi walioumia kidogo dola 10,000, likawapa waliojeruhiwa vibaya malipo ya awali ya dola 25,000, na likarudisha nauli za wote. Februari 2025 ndege ya Delta ilipinduka kwenye njia ya kutua mjini Toronto na watu wote 80 wakanusurika. Kila abiria aliahidiwa dola 30,000 bila masharti yoyote.

Dola 1,500, dola 10,000, dola 30,000: tofauti hizi hazifuati kanuni yoyote iliyoandikwa. Zinategemea shirika lenyewe, bima yake na macho ya vyombo vya habari. Abiria wa shirika dogo, katika nchi ambayo kamera za dunia hazifiki, hana la kutegemea. Aidha, pale malipo yanapofungamanishwa na kuacha haki ya kushtaki, abiria anatakiwa kuuza madai yake wakati ambapo bado hajajua ukubwa wa dhara lake. Lakini mfano wa Toronto unaonyesha kwamba kumlipa kila mtu mapema, bila sharti, kunawezekana. Kama abiria wote 76, bila kuhesabu wafanyakazi wa ndege, wangepokea, jumla ingekuwa dola milioni 2.28, sehemu ndogo tu ya bei ya ndege iliyoharibika.

Kuna ushahidi wa pili, nao umo ndani ya sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, kama ilivyotafsiriwa na mahakama, humpa abiria aliyechelewa kufika kwa saa 3 au zaidi kati ya yuro 250 na 600, isipokuwa kuwe na sababu zisizo za kawaida. Hahitaji kuthibitisha kwamba aliumia. Mashirika yalipoipinga kanuni hiyo kwa hoja kwamba inagongana na Mkataba wa Montreal, Mahakama ya Haki ilijibu mwaka 2006 kwamba hatua za pamoja, zilizo sawa kwa kila abiria, ni kitu tofauti na fidia ya hasara ya mtu mmoja mmoja inayotawaliwa na Mkataba. Ikiwa kungoja kunalipwa hivyo, kunyimwa malipo kwa aliyeamriwa ainamishe kichwa na kujiandaa kwa kishindo hakuna utetezi.

5. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la kimaadili: aliyeokoka ashukuru. Shukrani kwa Mungu na kwa rubani ni jambo jema, lakini haifuti wajibu wa aliyeuza tiketi kwa ahadi ya kumfikisha mtu salama. Rubani hodari amepunguza hasara, hajaifuta.

Pingamizi la pili ni wingi wa madai. Kizingiti cha ripoti ya daktari, kama kilivyowekwa katika shauri la Laudamotion, kinajibu hofu hiyo kwa madai makubwa. Malipo sawa kwa wote hayahitaji mashauri kabisa.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Ikiwa kila kutua kwa dharura kutaligharimu shirika, marubani wanaweza kushinikizwa waendelee na safari badala ya kutua mapema. Usalama ukidhoofishwa kwa jina la fidia, tutakuwa tumeharibu. Ndiyo maana malipo yasifungwe kwenye uamuzi wa rubani wa kutangaza dharura. Yafungwe kwenye uainishaji unaofanywa na wachunguzi huru kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kinachotenganisha ajali na matukio makubwa ya hatari na matukio ya kawaida. Rubani anayegeuza ndege kwa tahadhari hatalisababishia shirika lake malipo, na anayesitasita hadi hali ikaharibika ndiye atakayeligharimu.

6. Afrika Mashariki na pendekezo

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 wakaokolewa, huku wavuvi wakiwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Ajali hiyo ilizidi kutua kwa dharura, lakini inafundisha jambo la kisheria. Mkataba wa Montreal unahusu safari za kimataifa. Katika ndege ya ndani, abiria ambaye kipande hicho cha safari ni sehemu ya tiketi moja iliyoanzia ng'ambo analindwa na Mkataba, na jirani yake aliyeanzia safari Dar es Salaam analindwa na sheria ya nchi. Wamekaa kiti kwa kiti, wamepitia maji yaleyale, na haki zao ni mbili.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila abiria katika tukio lililoainishwa kuwa ajali au tukio kubwa la hatari alipwe kiasi sawa ndani ya siku 15, bila kusaini chochote, na kisipungue ukomo wa fidia ya ucheleweshaji katika Mkataba, ambao sasa ni SDR 6,303. Muda huo si mgeni: sheria ya Ulaya tayari inaagiza malipo ya awali ndani ya siku 15 baada ya mwenye haki kutambuliwa, pale abiria anapofariki au kuumia. Pili, dhara la akili lililothibitishwa kitabibu lihesabiwe kuwa jeraha la mwili. Tatu, sheria za safari za ndani zifuate vigezo hivyohivyo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalolazimu kusubiri mkutano mpya wa kidiplomasia. La kwanza linaweza kutungwa kama hatua ya pamoja, kwa mantiki ileile iliyoiokoa Kanuni namba 261. La pili liko mikononi mwa majaji. La tatu ni kazi ya mabunge na mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, na lingepata nguvu zaidi likipitishwa kwa pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Abiria hutangaziwa taratibu za kujiokoa kabla ya kila safari. Haki yake baada ya kuokoka nayo iandikwe mapema, kwa wote, ili isitegemee ukarimu wa shirika alilolipanda.