Dalali wa Kiwanja: Sheria za Nchi na Hukumu ya "Cha Juu"

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Zipo familia za Unguja na Pemba zinazonunua viwanja pembezoni mwa Arusha, mfano Olmotonyi, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Mara nyingi mnunuzi hamjui muuzaji. Anayemjua ni dalali tu, tena kwa simu. Hivyo tunaeleza hapa dalali ana nafasi gani kisheria na ana haki gani katika Dini.

Katika sheria

Kenya ina sheria maalumu ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu 1984, na asiyesajiliwa na bodi yao haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Dubai nayo humtaka kila dalali awe na kadi ya usajili. Tanzania Bara, kwa miaka mingi udalali wa viwanja umefanywa na yeyote mwenye simu na wateja. Kinachombana ni Sheria ya Mikataba: yeye ni wakala, na akijifanyia biashara kwa siri ndani ya kazi aliyotumwa, aliyemtuma anaweza kuidai faida hiyo.

Dalali hana mamlaka ya kuhamisha umiliki. Ardhi ya kijiji huhitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, kwa Sheria Na. 5 ya 1999. Kiwanja chenye hati, uhamisho wake husajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Katika Dini

Ujira wa dalali ni halali. Imaam al-Bukhaariy ameuwekea mlango katika Swahiyh yake, akataja kuwa Ibn Siyriyn, 'Atwaa, Ibraahiym na al-Hasan hawakuona ubaya. Kwa Mashaafi'iy, sharti ujira ujulikane.

Maulamaa wamekhitilafiana mwenye mali akisema: "Uza kwa kadhaa, kitakachozidi ni chako." Imepokewa kuwa Ibn 'Abbaas hakuona ubaya, wengine wamekataa kwa sababu ujira haujulikani.

"Cha juu" cha siri hakimo katika khitilafu hiyo. Tuchukulie muuzaji anataka milioni 8, dalali akamtajia mnunuzi 10, kisha akatia 2 mfukoni bila mwenye mali kujua. Huo si ujira, ni khiyana, na milioni 2 hizo ni za mwenye mali. Na akiwa ametumwa na mnunuzi kisha akamwongezea bei, ziada ni ya mnunuzi na ni wajibu kumrudishia.

La kufanya

Kabla ya kutuma fedha, muulize dalali: nani amekutuma, nani anakulipa, na kiasi gani? Majibu yaandikwe. Zungumza na muuzaji mwenyewe, mtume jamaa unayemwamini afike ofisi ya kijiji, na malipo yafanyike mbele ya mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah imetuelekeza kuandika madeni na kushuhudisha tunapouziana.

Na Allah Anajua zaidi.