Kucheza Msibani: Habari za Maziko ya Wanyakyusa

Katika Kiswahili neno kucheza lachukua mizigo miwili. Mtoto acheza mchangani, na mtu mzima acheza ngoma. Neno ni lile lile. Katika Kinyakyusa mambo ni hayo hayo: ukukina ni kucheza, na tena ndilo jina la ngoma ya vita iliyochezwa siku ya maziko. Basi mgeni akiambiwa ya kuwa vijana wanacheza penye msiba, atadhani nini? Atadhani ya kuwa hawana uchungu. Twaona ya kuwa desturi hii ilihukumiwa kwa neno, kabla ya mtu kuitazama miguu ya wachezaji.

Wanyakyusa ni watu wa Rungwe na Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wajeremani wa misheni mbili, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika kwao mwaka 1891, wakawaita Wakonde katika vitabu vyao. Lakini aliyeandika habari za maziko kwa utaratibu ni Mwingereza Godfrey Wilson, aliyekaa katika nchi hiyo kati ya 1934 na 1938. Makala yake ilitoka 1939, naye akafariki 1944. Mkewe, Monica, aliyekuwa pamoja naye katika kazi hiyo, aliiendeleza, na kitabu chake juu ya kawaida za ukoo wa Wanyakyusa kilitoka 1957. Yafaa waalimu wakumbuke ya kuwa mama huyo alizaliwa Lovedale, Afrika Kusini, katika nyumba ya mmisionari. Hakuwa mgeni wa mambo ya misheni.

Mtu alipokufa, wanawake waliijaza nyumba, wakaizunguka maiti na kuomboleza kwa sauti kuu. Wanaume walikaa nje. Ng'ombe walichinjwa, watu wa vijiji vya jirani wakakusanyika, na ngoma zikaanza kulia. Ndipo vijana walipoingia uwanjani na mikuki mikononi na njuga miguuni. Hawakupanga mistari, wala hawakushikana mikono. Kila mmoja alirukaruka na kukanyaga ardhi kwa nguvu peke yake, kama mtu apiganaye na adui asiyeonekana. Wanawake nao walitoka, mmoja mmoja au wawili wawili, wakapita katikati ya wachezaji wakipiga ukelele wa vita. Na vita haikuwa ya mfano tu: zamani watu wa kijiji hiki na wa kijiji kile walipigana kweli penye maziko, wakajeruhiana.

Kisha hali iligeuka, wala haikugeuka kwa wote kwa saa moja. Waliokuwa mbali na marehemu walianza kutulia, wakazungumza, wakacheka. Kijana akamtazama msichana aliyecheza vizuri. Ndugu wa karibu walikuwa bado ndani wakilia. Kidogo kidogo ile furaha ikawakaribia nao. Wageni wengi waliandika juu ya kicheko hicho kana kwamba ndicho kiini cha habari. Sisi twaona kicheko kilikuwa mwisho wa njia, na njia ilianzia kwenye hasira.

Wanyakyusa wenyewe walimweleza Wilson maana yake. Walisema ya kuwa ngoma ile ndiyo maombolezo. Walicheza kwa sababu moyoni mwao mlikuwa na vita, huzuni na hofu zikiwachemka pamoja. Tena alielezwa ya kuwa ndugu wa marehemu huingia nyumbani akalia, kisha hutoka akacheza, na uchungu uliokuwa umemfunga moyo hupata kuchukulika kwa kule kucheza. Tulitafakari neno hili. Hawakusema ya kuwa uchungu huondoka, bali ya kuwa hupata kuchukulika. Wala ngoma haikuachwa peke yake. Baada yake zilifuata kawaida za kuwaosha wafiwa na kumtenga marehemu nao, maana waliogopa kwamba asiyezitimiza atashikwa na wazimu. Monica Wilson alionyesha ya kuwa nia yake ilikuwa kumwondoa marehemu katika ndoto za watu wake, hata arudi kwao kama mzee wa ukoo aliye mwema.

Kwa nini basi kanisa lilikataa ngoma hiyo? Sababu hazikuwa za uongo: pombe ilikuwapo, mikuki ilikuwapo, na mazungumzo ya wavulana na wasichana yalikuwapo. Katika siku za Wilson Wakristo waliimba nyimbo za dini na kusikiliza mahubiri, wala hawakucheza. Na yeye aliona ya kuwa hofu ya mauti ilipungua kwao. Hilo tusilifiche. Hata hivyo twauliza jambo moja. Lugha ya pwani yasema kukaa matanga. Mfiwa wa maneno hayo ni mtu aliyekaa mkekani. (Nyuma ya pwani hiyo hiyo Wamijikenda waliimba na kucheza kifudu katika misiba yao, kwa hiyo hata huko kukaa hakukuwa kwa watu wote.) Kwa wanawake wa Kinyakyusa kilio kilibaki, ingawa kilipunguzwa sauti. Lakini kijana mwenye miaka ishirini, aliyefiwa na baba yake, alinyang'anywa kazi ya miguu na mikono, akapewa kiti na kitabu cha nyimbo. Hasira yake ilikwenda wapi? Mahubiri hujibu swali la roho, lakini mwili wa huyu ulikuwa bado umesimama.

Leo, katika misiba mingi ya Kikristo ya Tanzania, kwaya husimama penye jeneza na kuimba usiku, nao waimbaji hupiga hatua, huyumba pamoja, na huinua mikono. Hakuna mkuki, na hatua ni za pamoja, si za mtu mmoja mmoja. Wazee wengine wa kanisa hunung'unika ya kuwa hiyo ni ngoma iliyovaa joho. Pengine wanasema kweli zaidi ya wajuavyo. Kijana aliyefiwa huingia ndani kumtazama mama yake, hutoka akifuta macho, na husimama tena mahali pake katika sauti ya nne.